Namna ya Kuomba Ufadhili wa Uongozi na Utafiti Ukiwa Mwanafunzi wa Shahada ya Kwanza

Ufadhili wa kawaida wa masomo humpima mwombaji kwa alama alizokwisha kupata na kwa hali ya kipato cha familia yake. Ufadhili wa uongozi na utafiti humpima pia kwa kazi ambayo bado hajaifanya. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili huombwa aeleze ni swali gani angependa kulichunguza, atalichunguza kwa njia gani, nani atamsimamia, na watu wengine watanufaikaje na muda pamoja na fedha atakazokabidhiwa. Maombi ya namna hiyo hayawezi kuandikwa vizuri usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho. Katika maombi niliyopata kuyasoma na kuyasahihisha, walioshindwa hawakushindwa kwa uhaba wa akili. Wengi wao waliandika ndoto kubwa pale walipotakiwa kuandika mpango mdogo unaotekelezeka. Sehemu kubwa ya mwongozo huu itashughulikia kosa hilo, kwa kuwa ndilo linaloangusha vijana wenye uwezo.

Fahamu kwanza unachokiomba

Mfano unaofahamika sana wa ufadhili wa aina hii ni programu ya Laidlaw Scholars, inayogharimiwa na taasisi iliyoanzishwa na Irvine Laidlaw, mfanyabiashara wa Uskoti aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Leeds na kisha katika Chuo Kikuu cha Columbia. Programu hiyo huendeshwa ndani ya vyuo vikuu vyenyewe, vikiwamo St Andrews, Durham, Leeds, University College London, Trinity College Dublin, Toronto, Columbia, Cornell na Hong Kong. Mshiriki hutumia takriban wiki 6 za likizo ndefu ya kwanza kufanya utafiti chini ya msimamizi, na takriban wiki 6 za likizo ndefu inayofuata katika mradi wa uongozi kwa vitendo, kwa kawaida akiwa pamoja na shirika au jamii yenye tatizo halisi la kushughulikiwa. Kati ya vipindi hivyo viwili kuna mafunzo ya uongozi, na mshiriki hupewa posho ya kujikimu ili asilazimike kutafuta kibarua cha likizo.

Ipo pia mipango inayokaribiana na huu lakini yenye uzito tofauti. Mpango wa utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza ulioanzishwa mwaka 1969 katika MIT, chuo cha sayansi na teknolojia cha Marekani, chini ya Margaret MacVicar huwashirikisha wanafunzi moja kwa moja katika kazi za watafiti wa chuo, wala haudai ushahidi wa uongozi. Ufadhili wa Truman, ulioanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1975, huwalenga wanafunzi wanaokusudia kuingia katika utumishi wa umma, na mwombaji wake hutakiwa kuwasilisha pendekezo la sera. Ule wa Goldwater, wa Marekani pia, hutazama sayansi, hisabati na uhandisi, na mwanafunzi hawezi kuupata bila kuteuliwa kwanza na chuo chake. Nimeitaja mipango hii kwa sababu nimeona waombaji wakichukua insha moja na kuisambaza kila mahali, wakibadilisha jina la mfadhili tu, kana kwamba wafadhili wote wanatafuta mtu mmoja.

Basi soma tangazo lote, kisha ulisome tena ukiwa na kalamu mkononi. Tafuta masharti ya uraia na ya mwaka wa masomo, kwani programu nyingi za aina hii humtaka mwanafunzi aombe akiwa bado mwanzoni mwa shahada yake, na aliyezoea kusema “nitaomba mwakani” hugundua kwamba mwakani hana tena sifa. Tafuta kama mradi unaubuni mwenyewe au unauchagua katika orodha ya miradi iliyokwisha kupendekezwa na wahadhiri. Hili hutofautiana kati ya chuo na chuo hata ndani ya programu moja, na hubadilisha namna nzima ya kuandika. Tazama pia siku za mafunzo ambazo kuhudhuria ni lazima, na uliza mapema iwapo unaruhusiwa kufanya kazi nyingine wiki hizo, kwa sababu utafiti huu hutarajiwa kuwa kazi ya muda wote.

Kutoka kwenye mada hadi kwenye swali

Hapa ndipo maombi mengi yanapofia. Mwanafunzi ana mada anayoipenda kwa dhati, lakini mada si swali, na jopo haliwezi kufadhili mada. Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mwanafunzi amekua akiwakalimania wazazi wake hospitalini, nao wanasoma lugha ya nchi wanamoishi kwa shida. Anaandika kwamba anataka kuchunguza “vikwazo vya lugha katika huduma za afya”. Jambo hilo ni zito na limemgusa maishani, lakini maisha yote ya mtafiti hayatoshi kulimaliza, na msomaji wa maombi hawezi kujua Jumatatu ya kwanza mwanafunzi huyu ataketi mezani afanye nini.

Mwanafunzi huyo na ajiulize ni wapi hasa lugha iliwakwamisha wazazi wake. Huenda ilikuwa mapokezi, huenda ilikuwa mbele ya daktari, au huenda ilikuwa nyumbani usiku, mtoto ana homa, na karatasi ya maelezo iliyotoka ndani ya kasha la dawa inasema jambo ambalo hakuna aliye na uhakika nalo. Akichagua karatasi hiyo, tayari amepiga hatua kubwa, kwa sababu sasa ana kitu kinachoweza kushikwa na kuhesabiwa. Anaweza kupunguza tena: si dawa zote, bali dawa za watoto zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa hizo ndizo ambazo mzazi husoma maelekezo yake akiwa peke yake. Mwishowe anafikia swali kama hili: “Je, maelekezo ya kipimo katika karatasi za maelezo za dawa 40 za watoto zinazouzwa bila cheti yanatumia miundo ya sentensi ambayo tafiti zilizotangulia zimeonyesha kuwa inawatatiza wasomaji wa lugha ya pili?”

Swali hilo halina mbwembwe, na huo ndio ubora wake. Linataja kitakachochunguzwa, linataja idadi, linajiegemeza kwenye kazi za waliotangulia, na jibu lake linaweza kuwa ndiyo, hapana, au kwa kiasi fulani, bila utafiti kuwa umeharibika. Lipime swali lako kwa kipimo hicho cha mwisho. Iwapo unajua jibu kabla ya kuanza, au iwapo jibu la “hapana” litakuacha huna la kuandika, bado hujapata swali.

Kubana swali hakumaanishi kukifukia kisa kilichokusukuma. Kisa hicho kinastahili sentensi mbili au tatu za mwanzo, tena zilizoandikwa kwa utulivu, ili msomaji aone swali limezaliwa wapi. Kisa kikichukua nusu ya nafasi, kinaanza kuomba huruma mahali palipotakiwa hoja.

Hesabu siku zako

Wiki 6 za siku 5 ni siku 30 za kazi. Andika namba hiyo juu ya karatasi kabla ya kupanga lolote. Mwanafunzi anayeahidi kufanya mahojiano 20 ya saa moja moja anasahau kwamba kunakili kwa maandishi saa moja ya sauti iliyorekodiwa humchukua mtu asiye mzoefu saa 4 au zaidi. Mahojiano hayo 20 peke yake ni saa 80 za kunakili, yaani wiki 2 kamili, kabla hajachambua hata sentensi moja. Jopo lenye watafiti ndani yake hufanya hesabu hiyo kichwani kwa kupitisha macho tu.

Mwanafunzi wetu wa karatasi za dawa anaweza kupanga hivi. Wiki ya kwanza anamaliza mapitio ya machapisho na kuandaa mwongozo wa uchambuzi unaoeleza ni miundo gani ataitafuta na ataitambuaje. Wiki ya pili anaujaribu mwongozo huo kwenye karatasi 5, anamwonyesha msimamizi, kisha anarekebisha panapoyumba. Wiki ya tatu na ya nne anachambua karatasi 35 zilizobaki kwa kasi ya 4 kwa siku, jambo litakalomchukua siku 9, na siku ya 10 inabaki kuwa akiba. Wiki ya tano ni ya kujumlisha na kutafsiri matokeo, na ya sita ni ya kuandika ripoti pamoja na bango la maonyesho. Ratiba ya namna hiyo huingia katika aya moja fupi, na humwambia msomaji kwamba mwombaji huyu amekwisha kuiishi kazi yake akilini. Siku ile moja ya akiba ina thamani pia: asiyeacha nafasi ya mambo kuharibika huonekana hajawahi kufanya kazi ndefu.

Ukihusisha watu, anza na maadili

Utafiti unaohusisha wagonjwa, watoto, wafungwa, au hata wanafunzi wenzako wanaojaza hojaji, kwa kawaida huhitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Kamati hizi hazikuwekwa kuwasumbua vijana. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 liliwawekea madaktari kanuni za utafiti unaofanywa kwa binadamu, na Ripoti ya Belmont iliyotolewa Marekani mwaka 1979 ilisisitiza kuheshimu utu, kutenda mema na kugawa kwa haki mzigo na manufaa ya utafiti; kanuni hizo ziliandikwa baada ya binadamu kuumizwa kwa jina la sayansi. Kibali chaweza kuchukua wiki nyingi, na mwanafunzi asiyelijua hilo hujikuta likizo imekwisha naye bado anasubiri barua.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuanza kuandaa maombi ya kibali mara tu utakapokubaliwa, huku ukieleza katika ombi lako la ufadhili namna utakavyopata ridhaa, utakavyoficha majina na utakavyohifadhi data. Ya pili, ambayo ninaipendekeza kwa wengi wanaoanza, ni kuchagua ushahidi usiohitaji kumgusa mtu: nyaraka zilizochapishwa, kumbukumbu zilizo wazi kwa umma, takwimu zilizokwisha kukusanywa, vitabu, ramani, maandishi ya sheria. Ndiyo sababu mfano wetu unachambua karatasi za dawa na haumhoji mgonjwa yeyote. Hata hivyo, usikimbie kuzungumza na watu ikiwa swali lako haliwezi kujibiwa bila wao. Ni heri uombe kibali kuliko kubadilisha swali zuri kuwa swali rahisi.

Kumpata msimamizi

Msimamizi hatafutwi wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho. Mtafute mapema, walau miezi 2 kabla, na umchague kwa kazi zake, si kwa cheo chake. Mhadhiri kijana anayeandika kuhusu jambo lako na mwenye nafasi ya kukutana nawe kila wiki atakufaa kuliko profesa mashuhuri atakayekuwa safarini. Soma angalau makala moja yake hadi mwisho. Kisha mwandikie baruapepe fupi, isiyozidi maneno 200, yenye mambo manne: wewe ni nani na unasoma nini, ni jambo gani katika kazi yake limekuongoza kwake, swali lako ni lipi, na unamwomba nini hasa. Sehemu ya katikati yaweza kusomeka hivi:

“Katika makala yako kuhusu lugha ya maelekezo ya afya, umeonyesha kwamba sentensi zenye sharti ndani ya sharti huwatatiza wasomaji wa lugha ya pili. Ningependa kuangalia ni kwa kiasi gani miundo hiyo inaonekana katika maelezo ya dawa za watoto. Naomba dakika 20 za muda wako nikuonyeshe ukurasa mmoja wa mpango wangu, ili unishauri kama kazi hii inaweza kufanyika ndani ya wiki 6.”

Ombi la dakika 20 ni jepesi kukubaliwa. Ombi la “kuwa msimamizi wangu” kutoka kwa mtu asiyemfahamu ni zito, na linaweza kusubiri hadi mwisho wa mazungumzo hayo. Asipojibu, subiri siku 7 hadi 10 umkumbushe mara moja kwa adabu, kisha mwendee mwingine. Akikutana nawe na kulikosoa swali lako, andika kila anachosema. Ukosoaji huo ni msaada ambao washindani wako wengi hawataupata.

Uongozi si orodha ya vyeo

Mwombaji wa kawaida anapofika sehemu ya uongozi hutaja vyeo: kiranja, katibu, mwenyekiti, nahodha. Vyeo hivyo havikatazwi, ila havithibitishi kitu. Jopo linataka kujua ni nini kilibadilika kwa sababu ulikuwepo. Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: “Nilikuwa katibu wa kikundi cha kujisomea, nafasi iliyonifunza uwajibikaji na ushirikiano.” Ya pili: “Kikundi chetu cha kujisomea kilipoanza kupoteza watu, niliwatafuta 6 walioacha kuja na kuwauliza sababu, wanne walikuwa na zamu za kazi saa tuliyokutana, hivyo nikapendekeza tukutane mara mbili kwa nyakati tofauti, na watatu kati yao walirudi.” Ya pili haina cheo hata kimoja, lakini inaonyesha mtu aliyeona tatizo, akauliza kabla ya kuamua, akachukua hatua, akapima kilichotokea na hakukitia chumvi. Ameandika “watatu walirudi”, wala hakudai kwamba kikundi kizima kilifufuka.

Nasisitiza hili kwa ajili ya wanafunzi ambao hawakuwahi kuwa na nafasi ya kugombea chochote. Aliyelea wadogo zake huku akisoma, aliyepanga zamu za kumhudumia mgonjwa nyumbani, au aliyemfundisha mfanyakazi mpya kazini, ana mambo ya kusema kuhusu uongozi, na mara nyingi yana uzito kuliko ya mwenzake mwenye vyeo vitano. Wengi huyaacha kwa kuona haya, wakidhani hayahesabiki. Yaandike kwa maelezo mahususi kama vile ungeandika jambo jingine lolote.

Kisha unganisha pande mbili. Hili ndilo linalowatenganisha waliokaribia na waliopata. Mwanafunzi wa karatasi za dawa anaweza kusema kwamba likizo ya pili angependa kufanya kazi na shirika linalowahudumia wahamiaji, waandike upya kwa lugha nyepesi maelekezo yaliyoonekana kuwa na utata, na wayajaribu kwa wasomaji wenyewe kabla ya kuyasambaza. Hapo utafiti unazaa kazi ya uongozi, na uongozi unaanza kwa kusikiliza wanaohusika. Usiahidi kuibadilisha jamii usiyoifahamu ndani ya wiki 6. Sema utajifunza kwa nani na utaacha nini nyuma yako ukiondoka.

Kuandika, kusahihisha na wadhamini

Rasimu ya kwanza iandike bila kujali idadi ya maneno, ya pili ikate hadi kikomo, ya tatu isome kwa sauti. Maneno kama “shauku”, “ndoto” na “kuleta mabadiliko” yatazame kwa jicho kali. Ukiyafuta na sentensi isipoteze maana, yalikuwa mzigo. Mpe rasimu msomaji mmoja wa fani yako na mmoja wa fani nyingine kabisa, kwa sababu jopo huwa na watu wa aina zote mbili. Kuhusu programu za akili unde, fuata kanuni za mfadhili wako. Hata pale zinaporuhusiwa, usiziachie kukubunia swali wala kusimulia maisha yako, maana kwenye usaili utaketi peke yako.

Mdhamini atakayekuandikia barua mpe angalau wiki 3, pamoja na rasimu ya mpango wako, wasifu wako, maelezo ya ufadhili na tarehe ya mwisho. Mkumbushe pia kazi moja au mbili ulizomfanyia, ili barua yake iwe na mifano badala ya sifa za jumla.

Usaili na siku zinazofuata

Ukiitwa kwenye usaili, jizoeze kueleza mradi wako kwa dakika 2 mbele ya mtu asiyeijua fani yako, hadi aweze kukurudishia kwa maneno yake mwenyewe. Tarajia kuulizwa utafanya nini usipopata data uliyoitarajia, ni lini ulikosea ukiwa na wenzako na ulirekebishaje, na kwa nini swali lako lifadhiliwe sasa. Jibu la “sijui bado, lakini ningeanza kwa kufanya hivi” linaheshimiwa kuliko jibu la kubahatisha. Ukikumbuka baadaye kwamba ulijibu vibaya swali moja, usijiadhibu. Jopo hutazama namna unavyofikiri, na mtu hufikiri vizuri zaidi anapokubali kusahihishwa papo hapo.

Hifadhi nakala ya kila ulichowasilisha. Ukikosa, omba maoni kwa maandishi, kwa heshima na bila kubishana na uamuzi, kisha mrudie msimamizi uliyempata umweleze matokeo. Mpango wenu wa siku 30 bado upo. Muulize kama una nafasi ya kuanza mapitio ya machapisho chini yake, hata kwa saa chache kwa wiki, huku mkitazama ni mfuko gani mwingine unaoupokea mradi wa namna hiyo.